Kiondo Kilichofumuliwa Mara Tatu

Mwanangu Ndinda,

Mambo ya blanketi, ndoo na ile sufuria ndogo tumeshayamaliza, na baba yako amekuonya mara nne kuhusu kuangalia mizigo yako kwenye stendi mpaka nikamwonea huruma yeye badala yako. Kwa hivyo hayo hutayakuta hapa. Wala sitakuambia usome kwa bidii, maana sijawahi kukuona ukisoma kwa uvivu. Naandika kwa sababu ya neno ulilosema Jumapili tukila, nawe huenda umeshalisahau.

Baba yako alikuuliza utakuwa mwalimu wa namna gani ukitoka huko chuoni. Ulicheka, ukasema hujui bado, ila unajua vile hutakuwa. "Sitakuwa kama Susu," ulisema. "Susu alikuwa anavunja watoto moyo." Kisha ukaomba chumvi. Baba yako aliinamia sahani yake, kwa sababu aliyetajwa ni mama yake, na amekufa, na yeye si mtu wa kugombana mezani. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja pale. Nikakupa chumvi.

Tangu siku hiyo sina raha. Unaenda kusomea kazi yangu, na unaenda ukiwa umebeba kichwani jambo la uongo kuhusu nyanya yako, na uongo huo nilikupa mimi. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza nikaishia kukuuliza kama una soksi za kutosha, na mara ya pili nikakugombeza kuhusu taa. Mimi ni mwalimu wa miaka mingi, naweza kuwanyamazisha watoto hamsini kwa jicho, lakini ulimi wangu ukifika hapo unakuwa mzito. Heri kalamu.

Lazima nianzie kwangu, hata kama ni wewe unayesafiri.

Wajua mimi nililelewa hapa Machakos mjini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa serikali. Baba yangu alikuwa karani, mama yangu alikuwa na cherehani, na kwetu kiondo kilikuwa kitu cha kununua sokoni na kubebea sukuma wiki. Hakuna aliyenifundisha kukisuka, na mimi sikuuliza. Nilipoolewa na baba yako nilikuwa na cheti changu cha ualimu, na niliingia kule kwao Yatta, mbele ya Kithimani, nikiwa nimevaa viatu vya kisigino. Usicheke. Picha ipo, na unajua baba yako anavyopenda kuwaonyesha wageni.

Wanawake wa kule hawakai mikono mitupu. Hata wakienda kuteka maji, kiondo kinaning'inia kifuani, vidole vinasuka na mdomo unaongea. Siku ya tatu ya uarusi wangu, mama mkwe, ambaye nilimwita Mwaitu kama Wakamba wote wanavyomwita mama, aliniwekea mapajani kitako cha kiondo alichokianza mwenyewe. Nikasuka mistari mitatu, iliyopinda, nyuzi zikiwa zimelegea huku na kukazwa kule. Alikichukua, akakizungusha mkononi, akakitundika kwenye msumari karibu na mlango. Kikakaa hapo miaka yote. Kila aliyeingia alikiona. Mimi nilidhani hiyo ni sifa, na niliporudi shuleni niliwaambia walimu wenzangu kwamba sanaa ya akina nyanya zetu nimeijua kwa alasiri moja.

Kisha ukazaliwa wewe. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, hilo hata sisi wa mjini hatukuthubutu kuligeuza. Yeye Ndinda, wewe Ndinda. Hakukuita mjukuu wake hata siku moja. Alikuita "wa jina langu", na alipokuwa akikusalimu alikusalimu kama rika lake, akikuuliza habari za nyumba yako na mbuzi wako, nawe una miaka minne, unamjibu kwa uzito kwamba mbuzi wote ni wazima.

Nilianza kukupeleka kwake likizo za Agosti ulipokuwa darasa la pili. Nisikudanganye hapa pia: sikukupeleka ujifunze kitu. Nilikupeleka kwa sababu msichana wetu wa kazi alikuwa ameondoka na nilihitaji mtu wa kukuangalia. Kwangu mimi shule ilikuwa imefungwa, na mtoto aliyefungiwa shule anahitaji tu kulishwa na kuzuiwa asianguke kisimani.

Ulikuwa ukirudi umebadilika, na mabadiliko hayo yaliniudhi. Ulikuwa hujibu swali haraka, unanitazama kwanza. Mgeni akiingia unasimama kabla sijakuambia. Ulijua mama fulani wa sokoni ni wa ukoo gani na kwa nini kijana wake hawezi kumwoa binti wa jirani. Ulihesabu kwa nne nne na kwa sita sita, kwa sababu ndivyo rangi zinavyopangwa kwenye kiondo, na darasani ukawaacha wenzako mbali kwenye kuzidisha. Mwalimu wako alinipongeza, nikapokea. Sikujiuliza hesabu hizo zilitoka wapi. Nilichokiona mimi ni visigino vilivyopasuka na chawa wawili, nikakuosha kwa maji ya moto huku nikilalamika.

Sasa tufike kwenye Agosti ya darasa la nne. Najua unaikumbuka kwa namna yako. Nikuambie niliyoyaona mimi.

Nilikuja kukuchukua siku mbili kabla shule kufunguliwa. Ulikuwa umeanza kiondo chako mwenyewe, cha kwanza kisicho cha mchezo. Hata kabla sijafika uani ulinikimbilia ukilia, huku kamasi inakutoka. Ulisema Susu amekifumua tena. Mara ya tatu. Ulisema cha Mutheu hajakigusa, na cha Mutheu ni kibaya. Mutheu ni binti wa shangazi yako Mwikali, mlikuwa rika moja, na kweli kiondo chake niliona kimeegemea ukutani, ubavu mmoja juu na mwingine chini, na kilikuwa kinaendelea kupanda hivyo hivyo bila mtu kusema neno. Chako kilikuwa kimesukwa kwa unadhifu ambao sikuutarajia kwa mtoto wa miaka kumi. Nacho ndicho kilichofumuliwa karibu mpaka kitakoni.

Wanawake walikuwa wameketi kwenye kivuli cha ghala, saba au wanane. Nilikwenda moja kwa moja. Sikusalimu. Nilisema mtoto wangu hakuletwa pale kuteswa. Nilisema mimi nimesomea kufundisha, na hakuna kitabu cha ualimu kinachosema mtoto aharibiwe kazi yake bila hata kuambiwa kosa lake. Na nikasema, hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba mikono ya mtoto huyu ni ya kushika kalamu, si ya kushika katani. Nilisema hayo mbele ya wanawake ambao walisomesha watoto wao kwa katani hiyo hiyo. Baba yako alikuwa mmoja wa watoto hao.

Wote walitazama chini. Susu aliendelea kusuka mpaka mwisho wa mstari, kisha akainua macho.

"Ndinda anajua kosa liko wapi," alisema. "Muulize."

Sikukuuliza. Ulikuwa umeshaacha kulia, umesimama nyuma yangu umeshika sketi yangu, na nilikuona umenyoosha kidole kuelekea mahali fulani kwenye kile kiondo. Nilikiona kidole chako, mwanangu. Nikaushika mkono huo huo nikakuvuta tukaondoka.

Kuna kitu kingine nilichokiona na sikukuambia. Kando ya kiondo chako palikuwa na uzi mpya wa katani, umesokotwa na kukunjwa vizuri, unaotosha mistari kadhaa. Haukuwa kazi ya mtoto. Ulikuwa wa mtu aliyesokota pajani maisha yake yote, mwembamba na sawasawa. Mtu anayetaka kukuharibia hawezi kukaa chini akusokotee uzi wa kuanzia upya. Hata mjinga angeliona hilo. Mimi nilikuwa na cheti.

Tukiwa njiani kurudi uliniuliza kama Susu hakupendi. Nikakujibu kwamba kuna watu wazima wasiojua kupenda watoto wanaosoma. Hilo ndilo jibu lililokufikisha kwenye neno la Jumapili iliyopita, na halikuwa lako.

Likizo zilizofuata nilikuandikisha masomo ya ziada, kama wazazi wote wa mjini miaka ile. Aprili masomo, Agosti masomo, Desemba masomo. Susu hakulalamika. Alituma mbaazi mbichi kwa watu wanaokuja soko la Jumatatu, na kila mara fungu dogo lilifungwa peke yake. Nilijua ni la nani. Nilizichanganya zote kwenye sufuria moja.

Ulipofika darasa la nane ukatakiwa kupeleka kazi ya mikono ya kutahiniwa, na ukachagua kiondo. Sijui kwa nini ulichagua hicho. Pengine ulitaka kujaribu tena, nami sikukupa muda wa kujua. Nilikwenda sokoni Machakos nikanunua kimoja cha rangi tatu, nikakata lebo, ukakipeleka. Hatukuwa peke yetu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisahihisha kazi hizo, na nilikuwa nikiona mtoto asiyeweza kufunga kamba ya kiatu analeta kinyago cha twiga kilichopigwa msasa na kung'arishwa, nami nampa alama. Ndivyo tulivyoweka mambo ya wazee kwenye mtihani: tukayanunua. Ulipata alama za juu na tukanywa soda. Ulisema, "Kumbe ilikuwa rahisi hivi." Kuna kitu kilinichoma kidogo, nikakimeza pamoja na soda.

Wahenga husema majuto ni mjukuu. Yangu yalianza ulipokuwa kidato cha pili.

Nilikwenda Yatta peke yangu kusaidia kuvuna mbaazi. Wewe ulikuwa kwenye masomo yako. Nilikuwa nimeketi na shangazi yako Mwikali tunapukuchua, Susu amekwenda kulala kwa sababu macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Kile kiondo changu cha mistari mitatu kilikuwa bado kwenye msumari, kimekuwa cheusi kwa moshi. Nikafanya mzaha. Nikasema angalau mimi Mwaitu hakunifumua.

Mwikali alicheka, kisha akaacha ghafla. Alinitazama kama anayepima kama nitaweza kubeba anachotaka kusema.

"Mgeni hafumuliwi, Mama Ndinda," akasema.

Alinieleza taratibu, huku mikono yake ikiendelea na kazi. Alisema mama yake amefundisha wasichana wengi, hata hawezi kuwahesabu. Karibu wote aliwaacha wamalize walivyoweza. Kiondo kilichopinda kinabeba viazi sawasawa na kilichonyooka, na mtoto hapaswi kuhuzunishwa bure. Mwikali mwenyewe aliachwa amalize. Mutheu pia. Lakini mara moja baada ya miaka mingi anatokea mtoto ambaye mikono yake inasikia, na huyo ndiye anayefumuliwa. Susu alifumuliwa na nyanya yake mwenyewe, na alikuwa akisimulia kwa fahari kwamba ilifika mara tisa. Kuna sheria yake. Unafumua mpaka pale kosa lilipoanzia, hata mstari mmoja zaidi huruhusiwi. Unamsokotea uzi wewe mwenyewe. Na humwambii kitu.

Nikauliza, kama mwalimu anayetetea kazi yake, kwa nini asiambiwe tu.

"Akikuonyesha, hiyo akili ni yake," Mwikali alisema. "Ukiona wewe mwenyewe, iko yako. Hakuna mtu atakunyang'anya."

Kisha akasema kiondo ni mlango tu. Aliyefumuliwa akakubali kuanza upya ndiye aliyekuwa akikalishwa karibu na nyanya miaka inayofuata, mikono yao wawili ikifanya kazi, na ndiye aliyekuwa akiambiwa mengine: nyumba ipi ina ugomvi na ipi na uliisha vipi, bibi arusi anaambiwa nini na haambiwi nini, mwanamke aliyefiwa na mtoto anakaliwaje. Mambo hayo hayaelezwi mtu aliyekukodolea macho. Huelezwa aliyeinamia kazi, mkiwa mmeinama wote. Na hayapewi mtu asiyeweza kuvumilia kufumuliwa, kwa sababu atayatumia vibaya. Hiyo ndiyo shule niliyokutoa, Ndinda, ukiwa umefaulu mtihani wa kuingia.

Ningepaswa kusimama palepale nikapande gari la kwanza, nije nikuambie. Sikufanya hivyo, na sababu yake ndiyo sehemu ngumu kuliko zote za barua hii. Nilikuonea wivu. Ni aibu mama kuandika hivyo kuhusu mtoto wake. Lakini niliketi pale na maganda ya mbaazi mapajani nikifikiri: miaka kumi na saba mimi ni mke wa nyumba hii, kila Krismasi naleta sukari na leso, naosha vyombo mpaka viwiko vinauma, na bado mimi ni mgeni niliyetundikwa ukutani. Na mtoto wa miaka kumi, ambaye bado alikuwa anaogopa kuku, alifunguliwa mlango. Ningekuambia ulichaguliwa, ningelazimika kukuambia kwamba mimi sikuchaguliwa, na kwamba niliyekutoa ni mimi. Nikasema moyoni nitakuambia ukimaliza muhula. Kisha nikasema ukimaliza mwaka.

Miaka miwili ikapita hivyo.

Susu alipougua akaletwa hospitali hapa mjini. Wewe ulikuwa kidato cha nne, bwenini, mnajiandaa kwa mtihani wa majaribio. Nilimpelekea uji kila siku nikitoka shule. Nilimpaka mafuta miguu. Hatukuongea sana, mimi nilikuwa na la kusema na nikashindwa, yeye alikuwa amechoka. Alhamisi moja alinishika mkono, akaongea Kikamba polepole kama anayemwelekeza mtu asiyejua njia. Nakuandikia kwa Kiswahili, lakini maneno ni haya.

"Wa jina langu yuko wapi? Mwambie aje. Asibebe kitu. Aje na mikono yake tu."

Jumapili hiyo ilikuwa siku ya kutembelewa shuleni kwenu. Nilikuja na mkate, chapati na biro tano. Nilikuambia Susu amelazwa. Ukaniuliza swali moja tu. "Ameniulizia mimi?"

Nikasema, "Ameulizia wajukuu wote."

Uliitikia kwa kichwa, ukasema basi utakuja mtihani ukiisha, ukafungua chapati. Ningeweza kukuombea ruhusa ya siku moja. Mwalimu mkuu wenu tunafahamiana, asingekataa. Ilikuwa mwendo wa saa moja kufika kitandani kwake. Nilirudi nyumbani nikijiambia nimekulinda, mtihani ni muhimu, na uongo wenyewe ni mdogo, umebadilisha neno moja tu. Aliishi siku tisa zaidi. Kila nilipoingia wodini alitazama nyuma yangu kuona kama nimekuja na mtu, na siku tatu za mwisho hakutazama tena.

Ulikuja mazishini na sare ya shule. Ulitupa udongo, ukapangusa mikono, ukasimama nyuma na wenzako. Hukulia. Nilisikia mwanamke mmoja akisema huyu mtoto ni wa mjini, hana uchungu na watu wake. Na mimi, niliyejua kwa nini huna uchungu, nilikaza leso kiunoni nikaenda kugawa chai.

Nakuomba radhi, mwanangu. Nimeiweka hapa katikati ya habari nyingine kwa sababu nikiitafutia mahali pazuri sitaiandika. Nakuomba radhi kwa ile Agosti, lakini ile ilikuwa ujinga na haraka. Zaidi nakuomba radhi kwa ile Jumapili ya kukutembelea shuleni, kwa sababu siku hiyo nilikuwa ninajua.

Sikuandikii ili uanze kusuka. Sijui kama mikono yako bado inakumbuka, na hata ikikumbuka, aliyekuwa na ya kukuambia hayupo. Mwikali aliniambia kwamba baada yako Susu hakumfumua mtoto mwingine. Walikuja wasichana, akawaacha wamalize, akawasifu, wakaenda. Kwa hivyo si wewe peke yako uliyepokonywa. Mwaka huu pale kijijini kulikuwa na ugomvi wa mpaka kati ya nyumba mbili, wakaenda mpaka kwa wakili, na wazee walikaa wakikuna vichwa wakisema Ndinda angejua babu zao walikubaliana nini. Hakuna aliyekuwa akizungumza juu yako, lakini mimi nilisikia jina lako.

Kuhusu kazi unayokwenda kusomea, sina mahubiri, maana mhubiri mwenyewe unamwona. Nina kalamu nyekundu. Kwa miaka zaidi ya ishirini nimewaambia watoto kosa lao kabla hawajapata nafasi ya kulitafuta, na kabla serikali haijapiga marufuku kiboko nilikuwa nikiwaambia kwa kiboko. Muhula uliopita nilijaribu njia ya Susu. Msichana mmoja wa darasa la sita alikosea hesabu ya mgawanyo mrefu. Badala ya kupiga mkasi mwekundu wa kosa, nilifuta mpaka mstari ulipoanzia kosa, nikamchongea penseli, nikamrudishia daftari bila neno. Alinitazama kwa chuki niliyoitambua. Kesho yake alileta hesabu imekosewa mahali pengine kabisa. Nikafuta tena. Siku ya tatu mama yake alikuja shuleni kuniuliza ninamtesea nini mtoto wake.

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nilimwambia, "Msichana anajua kosa liko wapi. Muulize." Na yule mama, ambaye anauza nyanya na hakufika darasa la tano, aligeuka akamuuliza. Mtoto akaonyesha. Yule mama alinishinda mimi hapo hapo, kwa dakika moja, na sikumwambia alichofanya.

Usijilaumu kwa uliyosema Jumapili. Ulisema ulichofundishwa, na aliyekufundisha alikuwa ameketi upande wa pili wa meza. Baba yako naye hajui haya yote. Anadhani mama yake alituchoka tu uzeeni. Nitamwambia, lakini wewe kwanza, kwa sababu deni lako ndilo la zamani zaidi kwangu.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii katikati ya shuka zako ili uisome ukiwa mbali, mahali ambapo siwezi kuona uso wako. Nimekaa nikafikiri, nikaona huko ni kule kule kujificha. Kwa hivyo nitakupa mkononi asubuhi, baada ya chai, na nitaketi mbele yako mpaka umalize. Ukiwa na swali, niulize, na safari hii nitajibu nililoulizwa. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie hapa hapa, usisubiri ufike huko ukasirike peke yako bwenini. Wala usiharakishe kunisamehe kwa sababu mizigo iko mlangoni na baba yako anatazama saa. Basi la saa mbili likituacha, kuna la saa sita. Na hilo nalo likituacha, utaondoka keshokutwa.

Mama yako.